Mbuzi wa Kidole

Niliwahi kumwona akiomba apunguziwe bei ya kitu cha bure. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili, hapa kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo. Wauguzi wa kituo cha afya walikuwa wameweka meza nje ya kanisa, wakiwaomba watu wazima watoe kidole kitobolewe ili damu ipimwe sukari. Yeye, mzee wa mtaani kwetu, alisimama mbele ya meza na lile koti lake la kijivu, mikono nyuma, akasikiliza maelezo yote hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole:

"Bure, sawa. Na mwisho yako ni ngapi?"

"Papa, nimesema ni bure," muuguzi alimjibu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye subira.

"Nimesikia. Mais lakini mutu hawezi kuanzia na bure na kubaki palepale. Tobola basi nusu ya sindano."

Akatobolewa sindano nzima. Muuguzi akatazama kimashine, akakitikisa, akatazama tena.

"Papa, sukari iko juu. Iko juu sana."

Akamtajia nambari. Mzee akacheka kwa huruma, kama mtu anayemcheka mchuuzi mgeni sokoni.

"Hiyo ni bei ya kuanzia, mutoto yangu. Sasa sema ya kweli."

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka zamu yangu ilipofika na nikaambiwa kwamba yangu iko mpakani. Nimesoma chuo kikuu. Nimeandika kazi ndefu kuhusu methali, ambayo katika maktaba yetu imeazimwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Lakini hakuna methali iliyonijia. Sukari yangu, nilimwambia mzee tukirudi, ilikuwa Kasindi, mji wetu wa mpakani na Uganda: haijavuka, lakini imekwisha kuandaa karatasi za kuvukia.

Mtaani walimwita Porte-parole. Mimi nitamwita Msemaji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya tangu nimjue. Kwetu Wanande, kijana anapotaka kuoa, baba yake hafungui mdomo mbele ya wakwe. Hukaa kimya kama mtu aliyeletwa kushtakiwa, na msemaji wa ukoo ndiye anayesimama kujadili mbuzi na msemaji wa upande wa pili. Msemaji mbovu huwaacha watu bila mbuzi na bila undugu. Mzuri huwaacha wote wawili wakidhani wameshinda. Wetu alikuwa mzuri, na alilijua hilo, na hakuona sababu ya kulificha.

Koti lile halikuvuliwa. Butembo, ambako asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye meno, lilikuwa na maana. Lakini alikwenda nalo Beni, kwenye joto, akakaa ndani yake saa nzima jasho likimtiririka shingoni. Nilimuuliza sababu.

"Mutu anayevua koti ameonyesha kwamba hana haraka," akasema. "Na mutu asiye na haraka, batamungojesha."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, yote ya kwake. Kazi yangu ya chuo kikuu ingefaidika nayo kama ningekuwa na akili ya kumuuliza wakati ule. "Usiombe mbuzi ambayo umekwisha kuisikia ikilia," alisema, akimaanisha kwamba ukionyesha hamu umekwisha kushindwa. Na ule alioupenda zaidi: "Kibuyu kilichoachwa nusu ni swali."

Huo lazima nieleze, kwa sababu nusura umuue.

Kwenye mazungumzo ya mahari, kabla ya neno la kwanza, mwenye nyumba huleta kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Msemaji wake huonja kwanza mbele ya watu wote, ili ijulikane kwamba hakuna sumu. Kisha kibuyu humfikia msemaji wa wageni, naye hunywa kwa niaba ya ukoo wake. Akikataa, amesema bila kusema kwamba nyumba hii ina wauaji. Akionja tu na kurudisha, ameacha swali. Msemaji wetu hakuacha maswali. Alinywa mpaka chini, akageuza kibuyu juu chini, tone moja likaanguka, watu wakapiga makofi. Kasikisi nzuri ni tamu. Ina sukari ya ndizi na kileo pamoja. Na yeye alikuwa na posa karibu kila wiki ya kiangazi.

Mke wake hakushangazwa na habari ya kanisani. Sisimizi walikwisha kumwambia. Nyuma ya nyumba, pale mzee alipokojoa alfajiri bila kutaka kufika chooni, walikuwa wakikusanyika kila siku. Mke alimwonyesha. Yeye alidai wamefuata maganda ya ndizi.

"Maganda iko upande ule mwingine," mke akasema.

"Donc basi bamepotea njia."

Hivi ndivyo alivyougua: kwa majadiliano. Muuguzi alipomwambia apunguze bugali, akajibu kwamba bugali wa muhogo si mtamu, basi hauna sukari, kesi imekwisha. Muuguzi hakubishana. Siku hiyo alikuwa amekuja kumtembelea nyumbani wakati wa chakula, akamwomba atafune tonge moja bila mchuzi, atafune bila kumeza, aendelee tu. Sote tulimtazama akitafuna kama mbuzi. Baada ya muda uso ukabadilika.

"Imekuwa tamu," akasema kwa huzuni.

"Mate yako imeanza kuigeuza sukari, Papa. Tumbo linamaliza kazi."

Alilitazama lile sinia la bugali kama mtu aliyegundua kwamba shahidi wake alikuwa wa upande wa pili. Kisha akaanza mazungumzo. Muuguzi alisema tonge la ukubwa wa ngumi, na sahani iliyobaki ijae sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na mboga. Mzee akauliza ngumi ya nani, akapendekeza ya mwanawe, fundi wa kujenga. Muuguzi akapendekeza ya mzee mwenyewe. Hatimaye mke alinyoosha mkono wake mdogo katikati ya meza, akaukunja, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Vidonge alivikubali, lakini akaviongezea mpango wake. Kwenye milima yetu watu wanalima kinkina, mti ambao magome yake hutoa kwinini, na kila nyumba ina mtu anayejua uchungu wake. Msemaji alichemsha magome hayo akanywa asubuhi na jioni.

"Sukari iko tamu, kinkina iko chungu," alinieleza. "Viweke vyote mu damu, vitabishana, vitakutana katikati."

Nilijaribu kumweleza kuhusu kongosho na insulini. Nilisema insulini ni kama mtu wa kufungua milango ya mwili ili sukari iingie ndani iwe nguvu, na kwamba kwake huyo mtu amechoka, na milango imeota kutu. Nilipendezwa na mfano wangu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, akigonga sikio.

"Professeur, ngoja. Mu masikio yangu kuko nyuki."

Ilikuwa kinkina. Muuguzi aliposikia alikasirika kwa mara ya kwanza: ule mlio ni sumu ya magome, akasema, na magome yenyewe yanaweza kumshusha sukari ghafla mpaka azimie, hasa akichanganya na vidonge. Uchungu haufuti utamu. Vitu hivi viwili, alisema, haviuziani. Mzee akamwaga sufuria, lakini kwa wiki nzima alionekana amefiwa na hoja.

Usidhani alikuwa mdanganyifu. Mtu huyu aliweza kusoma uongo wa baba mkwe kutoka upande wa pili wa ua, na hakuwahi kuiibia familia hata kwato. Nakumbuka posa moja alipokuwa msemaji wa upande wa binti, na upande wa kijana ulikuwa mama mjane na kaka zake wawili wenye viatu vya kuazima. Siku ile Msemaji alisahau hoja zake zote, moja baada ya nyingine. Alijikwaa kwenye maneno, alikubali mambo ambayo mtoto angeyakataa. Mahari ikawa ndogo, mjane akaondoka na heshima yake. Njiani nilimuuliza nini kimempata. "Uzee," akasema. Wakati ule hakuwa na mvi hata moja.

Mtu huyo huyo alidanganya uzi.

Muuguzi alikuwa ameletewa uzi wa nailoni mgumu, mfupi, wa kupima miguu. Mgonjwa hufumba macho, uzi hubonyezwa kwenye wayo na kwenye vidole, naye anasema kila anaposikia. Sukari ya miaka huua mishipa ya fahamu, na mguu usiosikia hauwezi kujitetea. Msemaji alifumba macho kwa heshima zote.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia sana."

"Papa, bado sijakugusa."

Akafumbua jicho moja. "Nilikuwa nakusaidia usichoke."

Kwenye vipimo vya kidole alikuwa hodari zaidi. Siku kadhaa kabla ya kwenda kituoni alikula mboga tupu, akatembea mpaka sokoni na kurudi, akalala mapema, akafika asubuhi na njaa na nambari nzuri kabisa. Akirudi, alipita kwangu kunionyesha uso wake, kwani nambari yenyewe ilibaki kwenye mashine. Kisha jioni alikwenda kwenye posa na kumaliza kibuyu.

Hilo liliendelea mpaka kituo kilipopata mashine mpya. Hii nayo ilitaka tone moja tu, lakini ilisoma miezi mitatu iliyopita yote kwa pamoja. Nilimsindikiza siku hiyo. Muuguzi alimtazama, akatazama jibu, akasema taratibu:

"Papa, leo asubuhi uko muzuri. Mais ile miezi yote ulikuwa unakunywa."

Mzee akakitazama kidole chake:

"Nani amekuambia?"

"Damu yako."

"Damu yangu inatoa mambo ya nyumba kwa batu?"

Njiani nilimweleza, na mara hii mfano ulimwingia. Nilisema chembe nyekundu za damu huishi kama miezi mitatu, na sukari huzigandia kama vumbi la barabara yetu linavyoganda kwenye shati jeupe. Unaweza kunawa uso kabla ya kuingia kwa watu, lakini shati litasema umesafiri kiangazi chote. Tulitembea mpaka kwake, yeye akikung'uta vumbi kwenye koti.

"Hicho kipimo," akasema akifungua lango, "hakina porte-parole."

Nilidhani ndiyo siku aliyobadilika. Haikuwa hivyo. Kidole ndicho kilichombadilisha. Asubuhi moja ya baridi aliweka miguu karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akasikiliza habari za redio kama kawaida yake, yaani akabishana nazo, na ni mke aliyesikia harufu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeungua na yeye hakuwa na habari. Kidonda kilikataa kupona. Wakakikata hospitalini ili mguu ubaki. Daktari alisema wazi: akiendelea hivi, mara ijayo hawatasimama kwenye kidole.

Baada ya hapo hakudanganya uzi tena. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti na kioo kidogo cha kunyolea, akikagua nyayo zake kama mtu anayekagua mbuzi wa kuletewa. Alivaa viatu vilivyofungwa, alikung'uta mawe kabla ya kuvaa, alikula ngumi ya mke wake. Shati lake la miezi mitatu likaanza kutakata. Lakini aliacha posa. Walipokuja kumwita aliwaambia aende kijana fulani wa mtaa wa juu, na wao wakaenda kwa kijana fulani wa mtaa wa juu. Muuguzi alimwambia anaweza kwenda, aonje tu, asimalize.

"Kibuyu kilichoachwa nusu—"

"Ni swali, najua, Papa. Bajibiwe basi kwa mudomo."

Alikaa kwenye kibaraza bila koti. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwona akimwachia mchuuzi wa parachichi bei ya kwanza aliyotaja, na mke wake akanitazama mimi kana kwamba niite padri.

Nilijaribu kumchangamsha na habari mpya. Nilimwambia nimesoma kuhusu kifungo kidogo kinachobandikwa mkononi, kinachokaa wiki mbili kikisoma sukari usiku na mchana na kuiambia simu, bila kutobolewa kila saa.

"Donc nitatembea na mushahidi ku mukono," akasema.

Kisha mwanangu akataka kuoa.

Binti alikuwa wa familia ya Eringeti. Walikuwa wakulima, wenye migomba yao, mpaka vita vilipowafukuza, na sasa walipanga nyumba yenye ua mdogo huko Beni. Nilimwendea Msemaji. Sikujua kubembeleza, nikasema tu kwamba nikisimama mimi nitawasomea kazi yangu ya chuo kikuu. Akavaa koti.

Garini kuelekea Beni alikaa mbele, akiangalia mikaratusi ikipungua na joto likipanda. Nilimuuliza atafanya nini na kibuyu.

"Professeur, kazi yako ni kunyamaza. Anza mazoezi."

Msemaji wa upande wa pili tulimfahamu. Alikuwa mzee mrefu wa Eringeti, mwenye shati la mikono mirefu, na walikuwa wameshindana na Msemaji wetu kwenye posa nyingi kwa miaka mingi. Walichukiana kwa adabu kubwa. Mama wa binti alitoka na kibuyu akikishika kwa mikono miwili. Watu walitunong'oneza kwamba ndizi zimeletwa kwa pikipiki kutoka Mutwanga, na kwamba mama ameipika pombe mwenyewe, kwenye ua wa watu, kwenye chombo cha kuazima. Nilielewa kwamba hatuletewi pombe. Tunaletewa shamba lao.

Mzee mrefu akainua kibuyu, uso ukapotea nyuma yake, akakishusha, akafuta midomo. Akamkabidhi Msemaji wetu.

Ua mzima ulimtazama. Mimi nilifanya kazi yangu, nikanyamaza.

Msemaji alikishika kibuyu. Hakukiinua.

"Bakwe," akasema, "mimi niko mugonjwa ya sukari. Nikimaliza hii, mutanibeba. Nikiacha, mutasema nimeshuku mama huyu, na mimi namuheshimu kuliko batu bote benye biko hapa. Nimesemea batu maneno miaka mingi. Leo sina ya kusema. Munisaidie."

Sikuwahi kumsikia akiomba msaada. Mama wa binti aliinamisha macho. Mtu mmoja nyuma akaguna, ule mguno ambao huanzisha ugomvi wa koo.

Ndipo mzee mrefu wa Eringeti akakohoa. Akafungua kifungo cha shati lake, akapandisha mkono wa shati polepole hadi karibu na bega. Pale palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, kama kifuniko cha chupa.

"Binti yangu ya Kampala ananitumia akipata," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi niko wa sukari. Ni miaka."

Msemaji wetu aliinama akakitazama kile kitu.

"Mushahidi," akasema. Kisha uso ukaanza kumjaa damu. "Ngoja. Ngoja kwanza. Miaka? Na ile vibuyu yote ulionja mbele yangu?"

"Nilikuwa nalowesha midomo."

"Unalowesha midomo!"

"Kibuyu kinafunika uso."

"Donc miaka yote mimi nakunywa mpaka chini ju ya kukushinda, na wewe unabusu kibuyu!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikaenea ua mzima. Msemaji hakucheka. Alikuwa ameinuka, koti limenyooka, kidole cha mkono kiko hewani, na nilijua kwa furaha ambayo siwezi kuieleza kwamba amerudi.

"Bakwe, hii ni kosa! Mwonjaji asiyeonja amevunja desturi. Ningekufa kwa sumu, nani angejua? Naomba faini. Nilikuwa na kidole hapa," akanyanyua mguu wa kushoto, "sasa haiko. Mbuzi moja! Mbuzi ya kidole!"

"Kidole ilikuwa ndogo ao kubwa?" mzee mrefu akauliza.

"Ndogo, mais ya mutu mukubwa."

"Basi mwana-mbuzi."

"Mbuzi dume, mwenye ndevu."

"Ndevu fupi."

"Sawa, fupi."

Na kibuyu bado kilikuwa kimejaa, mkononi mwake. Bibi yake binti, ajuza mfupi aliyekuwa amekaa kwenye mkeka bila kusema neno tangu asubuhi, alisimama, akakichukua. Akanywa mbele yetu sote, bila haraka, mpaka chini. Akakigeuza, tone moja likaanguka.

"Hapana sumu," akasema. "Mukae chini."

Tukakaa chini. Wazee wawili wakaletewa chai isiyo na sukari, wakapitisha simu juu ya ule mkono ili isome sukari, wakabishana kuhusu nambari iliyotokea kana kwamba ni ya mbuzi. Ndoa ilifungwa.

Yule dume mwenye ndevu fupi, aliyepunguzwa kwenye mahari, alibaki kwangu, na watoto wamempa jina la Kidole. Msemaji huja kumsalimia. Juzi alikuja tena, kwa miguu kutoka mtaa wake, kwa kuwa muuguzi amemwambia kutembea ni dawa isiyouzwa, akaegemea uzio, akamkagua kwato moja moja. Nikamkaribisha chai. Nilikuwa nimesahau nikaweka sukari kwenye kikombe chake. Alikirudisha mezani kwa kidole kimoja, kwa uso ule ule aliokuwa akiwarudishia watu mbuzi mgonjwa.

"Lete ingine," akasema. "Na yako pia imwage, Professeur. Kasindi ni karibu."

Nikajaribu kubakiza nusu kijiko. Alikataa kujadiliana.